Sauti Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Kila asubuhi kabla ya kikao cha simu, Lorine Oyugi alijipaka rangi ya mdomo. Hakuna aliyemwona. Kikao chenyewe kilikuwa cha sauti tu: Kisumu, Entebbe na Mwanza, watabiri wa hali ya hewa wa nchi tatu wakiulizana habari za ziwa moja, na wataalamu wachache wakisikiliza kutoka Ulaya. Hata hivyo alijipaka, akajitazama kwenye kioo cha simu, akafunga mlango wa ofisi, kisha akaketi kusubiri.

"Entebbe hapa," sauti ikasema. "Habari ya asubuhi, Kisumu?"

"Njema, Entebbe."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kati yake na Abdulrahman. Salamu moja, tena mbele ya watu.

Baada ya hapo Abdulrahman alikuwa akisoma picha za rada yao, kwa utulivu, kama mtu anayesimulia habari za jirani: mawingu yanajikusanya karibu na visiwa vya Ssese, yanaelekea mashariki, upepo utaongezeka alasiri, wavuvi wa upande wa Kenya wajihadhari. Neno hilo la mwisho alilitamka taratibu kuliko mengine. Lorine alilichukua akaenda nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo. Siku Abdulrahman alipokohoa katikati ya taarifa, Lorine hakufanya kazi ya maana mpaka jioni. Nani anampikia huko? Ana blanketi zito? Amepata mtu wa kumwambia anywe maji ya tangawizi?

Zamani walikuwa wakiketi chumba kimoja, meza zao zikitazamana. Abdulrahman alizaliwa Kaloleni pale Kisumu, mtoto wa Mama Zeituni anayeshona mabuibui. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akibeba sambusa za mama yake kuja nazo ofisini, akamwachia Lorine zake mapema ale. Lorine hakuzila. Alizifunika kwa kitambaa, akangoja mpaka adhana ya magharibi, ili wale pamoja. Hapo ndipo mapenzi yalipoanza, kwenye kungojana huko, kabla mmoja wao hajasema neno.

Kisha Lorine alimpeleka kwao Kobudho, ufuoni, amjulishe kwa mama yake. Mama Rachael alimpa kijana soda, akamuuliza habari za safari, akamsindikiza vizuri mpaka barabarani. Aliporudi ndani alisema, "Huyo, hapana." Hakutaka kusikia lolote zaidi. Wiki chache baadaye mradi wa tahadhari za ziwa ulitafuta mtu wa kwenda kukaa Entebbe, na Abdulrahman akainua mkono. Tangu siku hiyo hawakupigiana simu ya faragha hata moja. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Asubuhi ile, kikao kilipokaribia mwisho, Daktari Maren, mama wa Kinorwe aliyeuongoza mradi, aliingilia kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Zoezi letu la tahadhari ni Alhamisi. Ufuo tumechagua, ni Kobudho. Timu ya Entebbe itakuja. Kisumu, mko tayari?"

Lorine alijikuta ameshika meza. Kobudho! Fuo zote za ghuba, wakachagua ya mama yake.

"Kisumu?" Maren akauliza tena.

"Tuko tayari," Lorine akasema.

Halafu sauti ya Entebbe ikasema, pole pole, "Basi tutaonana, Kisumu."

*

Kobudho ilijaa kama siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Hema zilisimama mchangani, wageni wa nchi tatu walivaa jaketi za rangi ya chungwa, na akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwa, walisogeza nyavu zao za kuanikia huku wakinung'unika kwamba serikali ikija huja na viti, ikiondoka huacha mashimo.

Lorine alimwona Abdulrahman kabla yeye hajamwona. Alikuwa ameinama chini ya hema akiunganisha waya za kompyuta, mikono ya shati ameikunja mpaka kwenye viwiko. Amekonda. Ndevu ameziacha zikue kidogo. Lorine alisimama na karatasi zake kifuani.

Abdulrahman akainua kichwa.

Walitazamana hivyo, watu wakipita katikati yao na masanduku, na hakuna aliyetabasamu. Kutabasamu kungekuwa kidogo mno.

"Umekonda," Lorine alisema alipofika karibu.

"Wewe umezidi kuwa..." Akaacha. Akafuta mikono kwenye suruali. "Hujambo, Lorine?"

"Sijambo. Unakula huko?"

"Ninakula. Matoke. Kila siku matoke." Sasa alitabasamu kidogo. "Ile siku nilikohoa kwenye kikao..."

"Nilisikia."

"Nilijua umesikia. Ulinyamaza hivi, ukasahau kusoma kiwango cha mvua cha Maseno. Nikajua."

Lorine aliangalia pembeni, ziwani, ambako jua lilikuwa linang'aa juu ya maji mpaka macho yakauma. "Kwa nini hukunipigia, Abdul?"

"Kwa nini wewe hukunipigia?"

"Mimi ni mwanamke."

"Na mimi ni mtu niliyeambiwa hapana. Mtu akiambiwa hapana mlangoni kwa watu, anapitaje dirishani?" Hakusema kwa hasira. Hiyo ndiyo iliyoumiza. "Wewe mwenyewe uliniambia 'Mama amekataa', basi. Hukuniambia kwa nini. Nimekaa ng'ambo nikijiuliza. Ni kabila? Ni dini? Ni vile mama yangu hushona nguo za watu? Ningejua kosa langu ningelala nalo vizuri."

"Huna kosa."

"Basi niambie."

Lorine alifungua mdomo. Habari hiyo haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, na mama yake aliilinda kama kidonda. "Siwezi," akasema.

Abdulrahman alitikisa kichwa polepole. Aliinama akaunganisha waya mmoja, akauchomoa, akaunganisha tena. "Maren amenipatia nafasi," alisema bila kumtazama. "Chuo chao, Norway. Masomo ya rada. Miaka mitatu. Anataka jibu kabla hatujaondoka leo."

Miaka mitatu. Lorine aliliona ziwa lile alilolivuka kwa sauti kila asubuhi likigeuka kuwa bahari, tena bahari mbili.

"Ni jambo zuri," alisema. Sauti yake ikasikika kama ya mtu mwingine. "Utasoma."

"Ni jambo zuri," Abdulrahman aliitikia. "Lorine, mimi sikuombi uniambie nikae. Naomba tu nijue kama kuna mtu wa kumrudia."

Kabla hajajibu, sauti nzito ikawafikia kutoka nyuma.

"Kumbe mmefika."

Mama Rachael alikuwa amesimama na kofia yake ya majani, kanga imefungwa imara kiunoni. Mwanamke mrefu, mabega mapana. Mume wake, Mzee Oyugi, alimwachia boti moja alipofariki. Yeye akaifanya mbili, na ufuo mzima wa Kobudho hakuna mwanaume aliyebishana naye juu ya samaki akashinda.

"Shikamoo, Mama," Abdulrahman akasema.

"Marahaba. Nilisikia uko Uganda."

"Niko Uganda, Mama. Nimekuja kwa kazi."

"Kazi ni nzuri." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, macho yake yakatulia kwa binti yake, kwenye ile rangi ya mdomo. "Nyara, binti yangu, nakujua. Nimekulea. Mtu anayekuja kazini hasimami hivyo."

"Mama, tafadhali, watu wanasikia."

"Wasikie. Kijana, wewe si mtu mbaya. Niliona siku ile ulivyoshika kikombe cha mama mkwe wangu mgonjwa ukamnywesha. Sikukukataa kwa ubaya."

"Basi kwa nini, Mama?" Abdulrahman aliuliza, kwa adabu, macho chini. "Hilo tu ndilo sijui."

Lorine alidhani mama yake angegeuka aondoke kama siku zote. Lakini Mama Rachael alivuta kiti cha plastiki cha wageni, akaketi, akavua kofia.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Seline. Mkubwa wangu. Alipendana na kijana wa dini yenu, mtu wa Pwani, dereva wa lori. Akaenda naye. Akabadilishwa jina, hilo sikulilia. Alizaa, aliandika kwamba anapendwa, nikafurahi. Kisha simu ikapigwa asubuhi: Seline ameaga. Nikafunga nguo, nikapanda basi. Kutoka hapa mpaka Mombasa unajua ni mbali. Nilipofika, wakanipeleka nikaona mchanga. Mchanga umekwisha kufukiwa. Walimzika adhuhuri ileile." Akaikunja kofia magotini. "Sisi mtu wetu hulala nyumbani. Tunamlilia, tunamwona uso. Mama yetu alikufa akiniuliza, ulimwona? Na mimi nikimdanganya, nilimwona. Sasa wewe niambie. Nikupe huyu mmoja niliyebaki naye?"

Abdulrahman alichuchumaa mchangani, mbele ya kiti chake.

"Pole, Mama," alisema. "Sikujua."

"Sasa unajua," Mama Rachael alisema, akavaa kofia yake akaenda.

*

Zoezi lilianza baada ya chakula cha mchana. Simu za ufuo wote zililia kwa pamoja na ujumbe uleule kwa Dholuo na Kiswahili: HILI NI ZOEZI. DHORUBA INAKUJA. RUDINI UFUONI. Bendera nyekundu ikapandishwa. Boti tatu zilizokuwa zimepangwa zikaingia majini karibu, watu ndani yake wakipunga mikono na kupiga mayowe ya kuigiza. Mvuvi mmoja mnene alijilaza mchangani akajifanya amezama, kwa ustadi mkubwa, mpaka akina mama wa omena wakacheka wakashika mbavu. Wageni wakaandika, wakapiga picha. Maren alifurahi.

Lorine alisimama nyuma ya meza ya kompyuta, akijitahidi kutazama kila kitu isipokuwa mgongo wa Abdulrahman.

"Lorine."

Miezi yote alikuwa akiitwa Kisumu tu. Kusikia jina lake likitoka kinywani mwake kwa sauti ile ya chini kulimfanya asogee haraka kuliko ilivyostahili. Lakini Abdulrahman hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama picha ya rada.

"Tazama hapa."

Juu ya Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, kulikuwa na doa jekundu lenye moyo wa zambarau.

"Hiyo si ya zoezi?" Lorine akauliza.

"Ya zoezi ni ile ya bluu, niliichora mwenyewe. Hii ni ya kweli. Mara ya kwanza nilipoiona ilikuwa kama punje ya maharagwe. Na inatembea. Inafuata bonde, inakuja huku."

Lorine alikwisha kuchukua simu. Muhoroni kulikuwa na Wechuli, aliyesoma kipimo cha mvua cha kituo chao. Ilipokelewa kwa kelele kama mtu anayemwaga kokoto juu ya bati.

"Wechuli? Mko aje huko?"

"Mawe!" Wechuli alipiga kelele. "Mvua ya mawe, Lorine! Trekta za miwa zimesimama barabarani, mti umeanguka! Upepo huo sijawahi kuona! Inaelekea kwenu!"

Lorine aliitazama mbingu ya Kobudho. Ilikuwa safi. Upande wa mashariki tu, juu ya milima ya Nandi, palikuwa na weusi ambao mtu asiyejua angesema ni kivuli.

"Daktari Maren, tunasimamisha zoezi," alisema. "Kuna dhoruba ya kweli."

Maren aliangalia picha, akaangalia wageni. "Una hakika? Kama hapana, watu hawataamini tena."

"Ghuba hii ni yangu kutabiri. Nina hakika."

"Basi simamisha."

Ujumbe mpya ukatumwa: HILI SI ZOEZI. Simu zikalia ufuo mzima, na ufuo mzima ukacheka kuliko mara ya kwanza. "Wamepanga mpaka hapo!" mtu akasema. Mvuvi mnene aliyezama aliamka, akasoma simu yake, akajilaza tena. Lorine alishika kipaza sauti akasema kwa Dholuo na kwa Kiswahili mpaka koo likakauka. Watu walimpigia makofi.

Zile boti tatu zilikuwa karibu, zingerudi. Lakini katikati ya ghuba kulikuwa na boti nyingine ambazo zoezi halikuwahusu, zimekwenda kutega samaki aina ya mbuta kama siku zote, na mojawapo ilikuwa ya mama yake. Alimpigia nahodha.

"Griffins, rudini sasa hivi. Dhoruba inakuja."

"Madam!" Griffins alicheka, na watu wengine nyuma yake wakacheka. "Hii drama yenu imeiva! Hapa maji yamelala kama mtoto."

"Griffins, si drama—"

"Sawa, sawa, tumeshazama! Tuletee soda!" Simu ikakatika.

Lorine alikimbia. Abdulrahman alikuwa nyuma yake na kompyuta mkononi. Mama Rachael alikuwa kwenye banda lake akigeuza samaki juu ya moshi.

"Mama, mpigie Griffins. Mwambie arudi. Mimi hanisikii."

"Mchezo wenu haujaisha?"

"Si mchezo."

Mama Rachael alitoka nje akaangalia juu. "Mbingu hii?"

"Mama, tazama hapa," Abdulrahman alianza, akiinua kompyuta.

"Sijakuuliza wewe." Alimshika binti yake kidevu, kama alivyofanya Lorine akiwa mdogo na amevunja kitu. "Nitazame. Sema."

"Kuna watu wanne kwenye boti yako," Lorine alisema, machozi yakimtoka bila kutaka. "Nawajua kwa majina. Nawajua wake zao. Mama, mimi siwezi kukaa nao matangani nikijua kwamba nilijua."

Mama Rachael alimwachilia. Akapangusa mkono kwenye kanga, akachukua simu.

"Griffins. Kata nyavu."

Sauti ya Griffins ilisikika mpaka nje ya simu.

"Nikate, Mama Lorine? Zile mpya?"

"Nimesema kata. Usivute, utachelewa. Kata uje."

Hapakuwa na kicheko tena. Mlio wa injini ulisikika kabla simu haijafungwa. Na wanaume waliokuwa wamesimama karibu na banda walitazamana, maana hakuna aliyewahi kumsikia Rachael akiagiza wavu ukatwe. "Rachael amekata nyavu!" mmoja akapaza sauti, na mwingine akaipokea, ikaenda ufuo mzima kwa kasi kuliko ujumbe wowote wa simu. Kila mwenye boti majini akaanza kupiga. Mvuvi mnene aliinuka mchangani, na safari hii hakulala tena.

Boti zilirudi moja moja, zikavutwa juu. Ya Griffins ilikuwa ndogo sana kule mbali upepo ulipofika.

Haukuja kama upepo, ulikuja kama ukuta. Hema ziling'oka, viti vya wageni vikaruka, mabati ya banda yakafunguka kama kurasa. Mawe yakaanza kupiga. Lile ziwa lililolala kama mtoto likasimama. Boti ya Griffins ilifika karibu kabisa, watu wakawa wanaziona nyuso zao, kisha wimbi likaipiga ubavuni ikapinduka.

Wanaume wakaingia majini na kamba. Lorine alimwona Abdulrahman akifunga ncha ya kamba kiunoni, akivua viatu, na kisha hakumwona tena kwa sababu ya mvua. Alisimama ameshikana na mama yake, wote wawili wamelowa, mawe yakiwapiga mabegani. Miezi yote ile alikuwa amemwomboleza moyoni mtu aliye hai. Alikuwa amelala akimkosa, na kumbe kumkosa kule kulikuwa neema, kwa sababu kila asubuhi sauti ilikuwapo. Sasa alikaza macho kwenye weupe ule wa mvua na kuomba kwa lugha zote alizozijua.

Wakatoka. Wa kwanza alikuwa Griffins, anatapika maji. Kisha wawili wakishikana. Wa mwisho alikuwa mzee Joram, mpishi wa boti, amebebwa begani na Abdulrahman, ambaye damu ilimtoka juu ya jicho na alikuwa akicheka au akilia, hapakuwa na namna ya kujua.

Lorine aliingia majini mpaka magotini, mbele ya Kobudho nzima, akamshika uso kwa mikono miwili. Abdulrahman hakuuliza tena kama kuna mtu wa kumrudia.

*

Dhoruba ilipita upesi kama ilivyokuja. Kwenye kona ya banda iliyobaki na bati, Mama Rachael aliwasha moto upya. Alimfunika Abdulrahman kanga yake kavu, akampa chai, akaketi mbele yake.

"Watu wangu wote wako hai," alisema. "Ero kamano."

"Ni Lorine, Mama. Na wewe."

"Nimeshukuru, usinirudishie." Alichokoa moto kwa kijiti. "Mimi nimerudishiwa watu, lakini sitoi mtoto kwa shukrani. Nakuuliza lile la asubuhi. Mwanangu akiaga nyumbani kwako, nitamkuta?"

Lorine alitaka kusema kitu. Abdulrahman alimgusa mkono anyamaze.

"Dini yetu huzika mapema, Mama. Nikisema vingine nitakuwa nakudanganya kama walivyokufanya udanganye mama yako," alisema. "Lakini Lorine akikubali kuwa mke wangu, sitamtoa alipo. Atabaki Lorine. Kanisa lake atakwenda, mimi nitamsindikiza mpaka mlangoni na kumngoja nje. Na siku yake ikifika, mtu wa dini yake huzikwa na watu wake. Mtamleta hapa Kobudho, na mimi nitakuja nyuma yenu nikiwa mfiwa. Hivyo ndivyo ninavyoona. Lakini mimi ni kijana, pengine sijui yote. Ongea na mama yangu."

Mama Rachael aliongeza ukuni mmoja motoni, kisha wa pili.

"Mama yako anakula samaki wa moshi?" aliuliza mwisho.

"Anakula mpaka mifupa."

"Basi mlete. Si wazee, si masheikh, si mchungaji wangu. Mlete yeye peke yake."

Mama Zeituni alikuja wiki iliyofuata, na mkoba wa sambusa na kitambaa cha kushonea mwenyeji wake nguo. Wale wanawake wawili walikaa ndani mlango umefungwa. Abdulrahman na Lorine walikaa nje kama watoto waliotumwa wasubiri, wasiweze hata kushikana mikono. Mara walisikia kilio. Walipoinuka kutaka kuingia, wakatambua kwamba ni sauti mbili zinazolia pamoja: Mama Rachael alikuwa amesimulia habari ya Seline, na Zeituni, ambaye hakuwahi kumjua, alikuwa anamlilia. Mlango ulipofunguliwa, chakula kilikuwa tayari na mambo yamekwisha. Arusi itakuwa Abdulrahman akirudi.

Kwa sababu alikuwa anakwenda. Lorine ndiye aliyemjibia Maren, akiwa bado amelowa siku ile ya dhoruba: "Ataenda. Tunahitaji mtu anayeijua rada kuliko wote, na awe wetu."

Siku ya safari, uwanja wa ndege wa Kisumu ulikuwa mweupe kwa jua. Abdulrahman alivaa koti zito ambalo mama yake alimshonea, akaanza kutoka jasho kabla hajafika mlangoni.

"Huko nitakuwa kwenye kikao cha asubuhi kama kawaida," alisema. "Nimemwomba Maren."

"Jioni utanipigia mimi peke yangu," Lorine akasema.

"Kila jioni."

"Na usipopiga?"

"Ujue nimekufa baridi, uje mwenyewe unichukue."

Alicheka, akainama akabusu mkono wa mama yake, akapeana mkono na Mama Rachael, na mama huyo akauvuta mkono ule akamkumbatia kabisa, kofia ya majani ikaanguka. Kwa Lorine alikuja wa mwisho. Hawakukumbatiana, mama zao wote wawili walikuwapo, na arusi haijawa. Alimtazama tu, kama siku ile chini ya hema, na Lorine akamtazama, mpaka mlinzi wa mlangoni akakohoa.

Ndege ilipita juu ya ziwa, ikainama kidogo upande wa jua, ikawa nukta. Lorine alikuwa amesimama wima, ameuma midomo, machozi ameyakataza. Miezi yote alikuwa ameyakataza, ofisini, kanisani, nyumbani kwa mama yake.

Mama Rachael alimkaribia akamshika begani.

"Lia, mwanangu," alisema. "Sasa una ruhusa."

Na Lorine akalia.